Kubadilisha kamshafti nyumbani: Legeza bolti zote, lakini kidogo kidogo

Huenda nawe umewahi kuisikia sauti hii. Umewasha gari asubuhi, watoto wamekwisha kuketi nyuma na mikoba yao ya shule, na kutoka chini ya boneti unasikia kama mtu anayegonga sufuria kwa kijiko: tk-tk-tk-tk. Ukikanyaga mafuta, kijiko nacho kinaongeza mwendo. Basi unafungua redio, unapandisha sauti, na mnaondoka.

Mimi nilipandisha redio kwa miezi mitatu.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla ya miaka ya 1990, injini ya 4A-FE ya cc 1,587. Magari haya hayaingizwi tena nchini kwa sababu sheria hairuhusu gari kuukuu lililopita umri wa miaka 8, lakini yale yaliyotangulia kuingia bado yanabeba watu na magunia katika kila pembe ya Kenya. La kwangu ndilo lililokuwa likimpeleka mama yangu mzazi hospitalini mara mbili kwa juma kusafishwa damu, maana figo zake zilikuwa zimechoka. Kwa hivyo ule mlio haukuwa jambo la fundi peke yake. Ulikuwa jambo la nyumba nzima.

Fundi wa kwanza alisikiliza kwa nusu dakika akasema nitupe injini ninunue nyingine. Wa pili alimwaga oili akaweka nzito zaidi, na sauti ikatulia siku nne. Wa tatu ndiye aliyefungua kifuniko cha juu, akamulika tochi, akaniita nije nione mwenyewe. Kamshafti ilikuwa imelika.

Kwa wasioijua, kamshafti ni chuma kirefu cha mviringo kilicholala juu ya injini, chenye nundu kama za ng'ombe. Kila nundu ikizunguka hukandamiza vali moja ikafunguka, kisha huiacha springi yake iirudishe. Injini ya 4A-FE ina vali 16 na kamshafti mbili, moja ya vali za kuingiza hewa na petroli, nyingine ya vali za kutoa moshi, kila moja ikiwa na nundu 8. Injini ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja. Nundu ikilika, vali haifunguki inavyopasa, nafasi kati ya nundu na vali inakuwa kubwa, na hapo ndipo kijiko kinapoanza kugonga sufuria.

Kabla hujanunua chochote, hakikisha kwanza kwamba ugonjwa ni huo. Mlio unaofanana na huo huweza kuletwa na oili iliyopungua, plagi iliyolegea, au gasketi ya ekzosi inayovuja. Pima oili. Kaza plagi. Chukua kipande cha mpira wa kunyunyizia maji, sikio moja upande huu, na upande wa pili uutembeze juu ya injini ukiwa mbali na feni na mikanda. Utasikia mlio unatoka wapi hasa. Ukifungua kifuniko, nundu nzima inang'aa na ni laini kwa kidole. Iliyokufa ina vishimo kama uso uliopata ndui, au ncha yake imekuwa butu ukiilinganisha na jirani zake.

Tazama pia shingo, yaani zile sehemu za kamshafti zinazolala kwenye beringi. Katika injini hii hakuna beringi za kuvaa na kuvua; shingo huzunguka moja kwa moja ndani ya aluminiamu ya hedi. Ikiwa aluminiamu hiyo imechimbwa mifereji inayokwama kwenye ukucha, kamshafti mpya haitakusaidia, na ni heri ujue mapema kabla hujatoa pesa.

Kosa langu

Sasa nikueleze jinsi nilivyoharibu, kwa kuwa sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike.

Baada ya kuonyeshwa ile nundu nilinunua kamshafti mbili nikazileta nyumbani. Bei ya kazi niliyotajiwa gereji ilinitisha, nami nilikuwa nimebadilisha breki na plagi zangu kwa miaka mingi. Nikajiambia, hizi ni bolti tu. Kila kamshafti inashikiliwa na vifuniko vitano, kila kifuniko bolti mbili, vichwa vya namba 10. Ni bolti ndogo ambazo hata mtoto angeweza kuzifungua.

Jumamosi moja nikaanza. Nikafungua kifuniko cha mbele, nikakitoa kabisa, nikakiweka kando. Nikaenda cha pili, nacho nikakitoa. Nilipofika cha tatu nikasikia "ka!", sauti kavu kama kijiti kinachovunjwa.

Nilimaliza kutoa kamshafti, nikapangusa kwa kitambaa, nikauona ufa. Ulikuwa mwembamba kama unywele, mahali pale hedi inapoizuia kamshafti isiende mbele na nyuma.

Kilichotokea ni hiki, msomaji. Chini ya kamshafti kuna springi za vali, na wakati wowote ule baadhi yake zimekandamizwa na zinataka kunyanyuka. Ukiondoa vifuniko vya upande mmoja, springi za upande huo zinaisukuma kamshafti juu huku upande wa pili ukiwa bado umebanwa. Kamshafti inapinda kama ubao wa watoto wa kubembea. Nafasi iliyoachwa pale inapozuiwa ni ndogo mno, kwa hivyo chuma kinaitumia aluminiamu kama mtaimbo unavyolitumia jiwe. Aluminiamu haina ubishi. Inapasuka.

Mama watoto alitoka jikoni akanikuta nimeketi chini. Aliuliza, "Baba watoto, limepona?" Nilipomweleza hakusema neno, akarudi ndani. Kwa juma tano zilizofuata mama yangu alikwenda hospitalini kwa matatu, akaondoka alfajiri na kurudi akiwa ameshikiliwa mkono, kwa kuwa mtu anayetoka kwenye mashine ile hana nguvu ya kupigania kiti. Hakunilaumu hata siku moja. Ingekuwa nafuu kama angenilaumu.

Wapo waliosema ufa unaweza kuchomelewa. Lakini joto la kuchomelea hupindisha aluminiamu, na vitanda vya beringi vingehitaji kuchongwa upya kwa mstari mmoja. Nikatafuta hedi nyingine kuukuu katika maduka ya spea ya Barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Kamshafti zake zilikuwa zimekwisha kuuzwa lakini vifuniko vyake vilikuwapo, nami nikahakikisha ni vyake. Vifuniko huchongwa pamoja na hedi yake. Ukitwaa cha hedi nyingine, tundu haliwi duara kamili na shingo itakwama. Vivyo hivyo kamshafti zenyewe: zinunue zote mbili kutoka injini moja, au mpya zote mbili, kwa kuwa moja huendesha nyingine kwa gia, na gia zilizozoeana hazipendi mgeni.

Mara ya pili

Hedi ilifungwa na fundi. Kamshafti nilizifunga mimi nyumbani, nikiwa na mpwa wangu aliyehitimu ufundi wa magari chuoni. Alipofika aliniuliza swali moja: "Mjomba, kitabu kiko wapi?" Sikuwa na kitabu cha ukarabati wa injini hiyo. Akasema basi hatuanzi. Tulianza juma lililofuata.

Nakuomba ufanye kama alivyofanya. Kitabu cha injini yako ndicho kitakachokuambia nguvu ya kukaza, nafasi za vali na mpangilio wa alama, na haya hutofautiana kutoka injini hadi injini. Ninayoyataja hapa ni ya hii yangu.

Injini iwe baridi kabisa, gari limewekewa mawe kwenye magurudumu, waya hasi wa betri umetolewa. Ukitoa nyaya za plagi, zipe namba. Toa kifuniko cha juu na kile cha mkanda wa taimingi. Kisha zungusha injini kwa spana kwenye bolti ya puli ya chini, kuelekea upande saa inakozungukia, mpaka mfereji wa puli utazamane na alama ya 0, na kitundu cha puli ya kamshafti kitazamane na alama iliyo kwenye kifuniko cha beringi. Shika tapeti za silinda ya kwanza kwa vidole. Ziwe zinacheza. Ikiwa zimekaza, zungusha injini mzunguko mmoja zaidi. Hapo tia alama zako mwenyewe kwenye mkanda na puli kwa rangi nyeupe, legeza kikaza mkanda, uuvue kwenye puli ya juu na uufunge kwa kamba ili usichomoke chini.

Sasa tunafika penye siri ya injini hii. Mkanda wa taimingi huzungusha kamshafti moja tu, ile ya moshi. Hiyo nayo huzungusha ya pili kwa gia. Ili gia zisipige kelele, gia ya kamshafti ya kuingizia imetengenezwa kwa vipande viwili, na kati yake kuna springi inayovivuta kama makali ya mkasi. Ukiitoa kamshafti bila kuifunga springi hiyo, vipande vinaachana na kuvirudisha ni kazi ya kutokwa na jasho. Ndiyo maana kuna tundu dogo kwenye gia: unatia humo bolti nyembamba ya milimita 6, yenye urefu wa kama milimita 16 hadi 20, inayovishika vipande viwili viwe kimoja. Ikumbuke bolti hii. Nitairudia.

Kamshafti ya kuingizia ndiyo hutoka kwanza. Iweke katika pembe inayotajwa na kitabu, ambapo nundu zinazokandamiza vali zimegawanyika sawa kushoto na kulia. Kisha legeza bolti za vifuniko ukianzia pembeni kuja katikati, robo mzunguko kila moja, urudi mwanzo, robo nyingine, urudi tena. Usifungue yoyote kabisa mpaka zote ziwe zimelegea. Inachosha na inaudhi. Mpwa wangu alikuwa akihesabu kwa sauti kama mwalimu wa darasa la kwanza. Macho yako yawe kwenye kamshafti: inyanyuke ikiwa mlalo, kama sinia ya chai inayobebwa na mtu mwenye adabu. Ukiona upande mmoja umetangulia, usiulazimishe. Kaza tena, uanze upya.

Kila kitakachotoka kikae mahali pake. Sisi tulitumia trei ya mayai, ile ya matundu 30. Tapeti 16 pamoja na visahani vyake vya chuma, mafundi huviita shimu, zilikaa kwenye matundu 16. Vifuniko 10 na bolti zake kwenye 10 mengine. Yakabaki manne, na mtoto wangu mdogo akaweka humo maharagwe. Tapeti iliyozoea tundu lake isihamishwe kwenda kwa jirani.

Kurudisha ni safari ileile kinyumenyume. Pangusa kila kitu, paka oili safi kwenye shingo na nundu zote, usibane chochote kikavu. Kamshafti ya moshi inatangulia, kisha ya kuingizia, gia zikiumana kwa alama. Angalia sana hapa: gia hizo zina alama za aina mbili, moja ya kufungia na nyingine ya kuonyesha pistoni ya kwanza iko juu, na wengi hukosea kwa kushika isiyo yake. Vifuniko vina namba na mishale. Mishale yote itazame mbele, uliko mkanda. Bolti zikazwe kutoka katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo vilevile.

Nguvu ya mwisho ni nyutoni-mita 13. Ili upate picha, ni kama kuvuta kwa uzito wa kilo 5 mwishoni mwa mpini wa sentimita 26. Ni kidogo sana. Mkono wa mwanamume aliyezoea kukaza nati za magurudumu utakata bolti hizi au utang'oa nyuzi za aluminiamu kabla hajajua. Azima spana ya kupimia nguvu, ile mafundi huiita toki renchi. Usione haya kuazima. Mimi niliazima kwa jirani ambaye tulikuwa hatusalimiani.

Baada ya hapo ondoa ile bolti ndogo ya gia. Kamshafti haiwezi kufanya kazi springi yake ikiwa imefungwa.

Wengi wakifika hapa hufunga kifuniko na kuwasha. Wanakosea. Kamshafti mpya, au ya injini nyingine, haina vipimo sawasawa na ya zamani, kwa hivyo nafasi za vali lazima zipimwe kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia, injini ikiwa baridi na nundu ikitazama mbali na tapeti. Kwa vali za kuingizia za injini hii kitabu kinataka milimita 0.15 hadi 0.25, za moshi hutakiwa kubwa kidogo. Nafasi ikiwa kubwa, kelele inarudi. Ikiwa ndogo mno, vali haifungi sawasawa injini ikipata moto, na mwisho wake ni kuungua, hususan ya moshi.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua unene wa shimu iliyopo, ongeza nafasi uliyopima, toa nafasi unayoitaka. Shimu ya 2.80, nafasi uliyokuta 0.30, unayotaka 0.20: unahitaji shimu ya 2.90. Shimu huuzwa kwa unene unaopanda kwa milimita 0.05. Gereji zina kifaa cha kukandamiza tapeti ili shimu itolewe kamshafti ikiwa mahali pake. Sisi hatukuwa nacho. Tulipima vali zote 16, tukaandika kwenye daftari la hesabu la mtoto, tukagundua tano haziko sawa, tukazitoa kamshafti zote mbili tena. Robo mzunguko, robo mzunguko. Shimu nyingine tulipata kwa kubadilishana tu kati ya tundu na tundu, mbili tulinunua. Siku ya kwanza iliishia hapo, giza likiwa limeingia.

Jumapili asubuhi tulivalisha mkanda kwa alama zake, tukaweka oili sili mpya nyuma ya puli ya kamshafti, kisha tukazungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili kabla ya kugusa ufunguo. Usiiruke hatua hii. Katika 4A-FE vali na pistoni hazigongani hata taimingi ikipotea, lakini injini nyingi za magari mengine zinagongana, na vali zikipinda utarudi kwenye hedi. Mkono ukihisi kizuizi, simama utafute sababu.

Liko jambo moja ambalo tulilifanya kabla ya yote haya, nalo huenda lina maana kuliko yote. Mpwa wangu alikataa tusifunge kamshafti mpya mpaka tujue ya zamani iliuawa na nini. Tukashusha sampu, lile bakuli la oili lililo chini. Kwenye chujio ya kunyonyea oili kulikuwa na vipande vya silikoni vilivyonata kama chingamu iliyotafunwa. Kumbe miaka miwili kabla ya hapo fundi mmoja alikuwa ameziba sampu hiyo kwa silikoni nyingi badala ya kiasi kidogo, iliyozidi ikaminyika kuingia ndani, ikakauka, ikakatika, na chujio ikaimeza. Oili ikawa haipandi ya kutosha, na kamshafti ndiyo iliyo juu, ndiyo hufikiwa mwishoni. Kamshafti mpya ingekufa kifo kilekile. Kwa hivyo ukifunga kifuniko chako cha juu, silikoni iwe kidogo tu, pale kitabu kinaposema, na gasketi iwe mpya.

Tuliwasha saa nne asubuhi. Taa nyekundu ya oili ilizima baada ya nukta chache, na huo ndio wakati wa kuitazama kuliko kitu kingine chochote. Isipozima, zima injini papo hapo. Hapakuwa na kijiko wala sufuria. Mama yangu alitoka nje na fimbo yake, akasikiliza, akauliza kama tumeshaiwasha.

Mama watoto ndiye aliyekuwa akikusanya vitambaa na trei ya mayai kutoka sakafuni. Nikamwona amesimama, ameshika kitu kati ya vidole viwili. "Na hii bolti?" akauliza. "Mbona imebaki?"

Damu ilinikauka. Nikamtazama mpwa wangu, naye akaanza kucheka. Ilikuwa ile ya milimita 6, ya gia. Katika kazi hii nzima hiyo ndiyo bolti pekee inayotakiwa kubaki. Sasa imetundikwa kwa uzi kwenye msumari karibu na mlango wa jikoni, na hakuna anayeruhusiwa kuitupa.